Mguu Uliotema Changarawe

Uvimbe wenyewe haukuuma, na hapo ndipo ulipompatia. Ungeuma, angepiga kelele kama watu wengine, mtaa ungejua, na angebebwa mapema akapelekwa kwa wanaojua. Lakini kitu kimekaa chini ya unyayo wako, kimenona, hakiumi wala hakiwashi, utamlilia nani? Kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani Mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole gumba. Kilibonyea kidogo, kikarudi. Aa, alijiambia, si kitu hiki, ni sugu tu, mguu wa kazi hauwezi kuwa laini kama shavu la mtoto.

Na mguu wake ulikuwa wa kazi kweli. Wako wafinyanzi wanaoponda udongo kwa mchi. Yeye alikuwa mtu wa kukanyaga. Udongo ulimwagwa uani juu ya turubai, ukiwa umelowa, naye akapanda juu yake peku. Viatu alikuwa navyo, asije mtu akadhani ni shida. Ila kiatu hakisikii. Unyayo mtupu ndio unaosikia kijiwe kilichojificha ndani ya udongo, na kijiwe hicho usipokitoa, chungu kitapasuka tanurini na kuwapasua wenzake waliokaa kimya wakiiva. Udongo uliokanyagwa vizuri hutema changarawe zake wenyewe. Zinakuja juu, nyeusi nyeusi, unaziokota na kuzitupa nyuma ya ukuta. Mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo, naye akamfundisha wifi yake.

Huyo wifi ni habari nyingine. Marehemu mume wa Mfinyanzi alimwachia nyumba ya vyumba viwili, tanuri moja na dada yake, na katika urithi wote huo dada ndiye aliyechukua nafasi kubwa. Mtaa ulimwita Kasuku, kwa sababu ambazo ukikaa naye muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai hutahitaji kuelezwa. Kasuku alipouona uvimbe kwa mara ya kwanza, akaweka chini chungu alichokuwa anakipiga msasa, akazunguka, akauchungulia upande huu na upande ule.

"Wifi," akasema, "mguu huu una mimba. Sema ukweli, baba ni nani?"

"Koma wewe."

"Sikomi. Mtoto akizaliwa nitamnunulia kiatu kimoja."

Wakacheka. Walicheka mno siku zile.

Halafu uvimbe ukafunguka. Kitundu kidogo tu, kama kilichotobolewa na sindano, kikafuatwa na cha pili karibu yake, na cha tatu upande wa kisigino. Kikatoka kimaji cha manjano, na ndani ya kimaji hicho mlikuwa na punje ndogo nyeusi, ngumu kiasi, za kuweza kusagika kati ya vidole viwili. Mfinyanzi aliiweka moja kiganjani akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Moyo ukamtulia. Kumbe! Changarawe! Miaka yote hii ameshindilia udongo kwa unyayo, changarawe nazo zimemwingia ngozini, na sasa mguu unazitema kama udongo unavyozitema. Alimwita Kasuku aje aone, na Kasuku naye, kwa mdomo wake wote, hakuwa na la kupinga. Ilikuwa na maana. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ameona uchafu ukija juu na udongo ukibaki safi, ungemweleza nini zaidi?

Basi ikawa ndiyo desturi. Asubuhi maji ya vuguvugu na chumvi, mguu ndani ya beseni, kukamua mpaka punje ziishe, kusugua kwa kitambaa, kukausha. Unyayo ukabaki safi, na vile vitundu vikafumba midomo kama watoto walioambiwa wageni wanakuja. Na kila zilipotoka nyingi, Mfinyanzi alifurahi zaidi.

Lakini udongo una mwisho wake wa kutema. Ukikanyaga asubuhi nzima, ikifika mchana hautoi tena kitu. Mguu huu haukuwa na mwisho. Mvua zilikuja zikaenda, zikaja tena, na mguu ukawa unatema vilevile, tena ukawa mnene, juu ya unyayo kumeota vinundu kama vya mhogo mbichi, ndala haipiti mpaka aikate mkanda. Hapo ndipo hofu ilipoingia, ikavuta kigoda ikakaa. Aliogopa alipokuwa anaosha vyombo. Aliogopa akiwa katikati ya kucheka. Na cha kutisha zaidi kilikuwa ni kule kutouma. Alikuwa akijifinya pale katikati ya uvimbe, kwa kucha, akiuombea uume.

Hakumwambia mtu, na usimwite mjinga kabla hujajua kwa nini. Wateja wake walikuwa wapishi. Kuna mama mmoja mwenye mgahawa aliyekuwa akichukua vyungu vyake vikubwa, na siku moja alipokuwa anachagua, jicho lake lilitua kwenye mguu wa Mfinyanzi, likakaa hapo kidogo. Mfinyanzi akaushusha upande wa kanga taratibu mpaka chini. Nani atawapikia watu ndani ya chungu kilichokanyagwa na mguu wa kidonda? Swali hilo likijibiwa mara moja tu, tanuri linazimwa.

Hivyo alipokwenda zahanati, alikwenda msafi. Aliamka mapema, akakamua, akasugua, akapaka mafuta, akavaa na soksi. Tabibu wa zahanati, mtu mpole mwenye miwani ya kamba, akaugeuza mguu huku na huku.

"Unatoa usaha? Unatoa kitu chochote?"

"Hautoi kitu," akasema Mfinyanzi.

Tabibu akaona uvimbe mkavu, akampa vidonge vya uvimbe mkavu. Alikwenda tena baadaye, akasema vilevile, akapewa vingine. Mara ya tatu tabibu alivua miwani, akasema mguu huu umemshinda, uende hospitali kubwa ukapigwe picha. Akasema hivyo kwa upole.

Hospitali kubwa walikaa kwenye benchi refu la ukutani, yeye na Kasuku. Mkabala nao alikaa mzee mmoja wa makamo na magongo yake, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa anakula karanga kwa raha zake. Mfinyanzi hakuweza kumtazama na hakuweza kutazama pengine. Kasuku, aliyekuwa ameanza kusimulia habari za jirani fulani na mbuzi wake, akamwangalia usoni, akaacha hadithi njiani, na hilo lilimtisha Mfinyanzi kuliko magongo.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa kuwa binti yake, sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Aliishika ile picha nyeusi dhidi ya taa.

"Mama, unaona mfupa huu? Unatakiwa kuwa mweupe mfululizo. Hapa una matundu."

"Matundu ya nini?"

"Kuna kitu kinaula. Nadhani ni ugonjwa unaoitwa maisetoma. Vijidudu vinakaa kwenye udongo, kwenye miiba. Unachomwa, unasahau, vyenyewe havisahau. Vinakaa ndani miaka, vinakula taratibu, bila maumivu. Uliwahi kuchomwa na mwiba?"

"Daktari, mimi natembea peku. Niulize siku ambayo sijachomwa."

Daktari akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. Akaeleza kwamba ugonjwa huu una sura mbili. Kuna unaoletwa na bakteria na kuna unaoletwa na kuvu, na kwa macho mguu unavimba vilevile, ila dawa ya mmoja haimgusi mwingine hata kidogo. "Ukimpa wa kuvu dawa ya bakteria, unamlisha mgonjwa na ugonjwa unaendelea kula. Kwa hiyo lazima nijue. Njia ya haraka ni kile kinachotoka. Huwa zinatoka punje punje, na rangi yake inatuambia mengi. Mguu wako unatoa punje?"

Mfinyanzi aliuona ule mgahawa, aliuona mkono wa yule mama ukirudisha chungu mahali pake.

"Hautoi kitu," akasema.

Daktari akaandika. "Basi itabidi tukate kinyama tupime. Foleni ya chumba cha upasuaji ni ndefu, mama, na mfupa hausubiri. Sina njia nyingine."

"Anaongopa!"

Ni Kasuku. Alikuwa amesimama, mkoba umeanguka, vitu vyake vimetawanyika sakafuni.

"Anaongopa, daktari! Unatoa kila siku ya Mungu! Punje nyeusi, zinajaa kiganja! Asubuhi hii ameukamua mpaka ukaomba radhi, halafu akauvisha soksi aje kukuona."

"Wifi!" Mfinyanzi aliipata sauti. "Wifi, unanivua nguo mbele za watu!"

"Nakuvua! Na kesho nitakuvua tena! Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sina wifi mwingine." Kasuku alikuwa analia, makamasi yanamtoka, na hakujifuta. "Nimeshazika kaka. Sitaki kukuzika wewe kwa ajili ya vyungu."

Daktari aliweka kalamu chini. Aliuliza punje zenyewe zikoje, na Mfinyanzi, kwa kuwa hakuna tena cha kuficha, akaeleza yote: changarawe, unyayo, jinsi udongo unavyotema uchafu wake ukikanyagwa vya kutosha. Alieleza vizuri, kama anavyomweleza mteja kwa nini chungu chake hakipasuki. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yangu," akasema, "zile si changarawe. Ule ndio ugonjwa wenyewe. Kila punje ni kuvu imejikusanya, imejijengea nyumba ngumu dawa isiipate. Ulipokuwa unaziona zinatoka, ulidhani zinaisha. Zilikuwa zinazaliana."

Mfinyanzi aliutazama mguu wake uliokuwa juu ya kigoda, msafi, unang'aa mafuta. Alitamani kuuacha pale pale na kukimbia, kama mtu anavyokiacha kikapu alichoona nyoka ndani yake, ila angekimbia na nini?

"Kesho uje hivyo hivyo," daktari akasema. "Usiuoshe. Usiukamue. Niletee mchafu."

Unafikiri ni rahisi? Kulipokucha mikono yake ilikwenda yenyewe kwenye beseni. Ilimkuta Kasuku amelikalia, miguu ameitawanya katikati ya ua, kitenge kimejaa pande zote. "Nyanyuka," Mfinyanzi akamwambia. "Sinyanyuki, kazi yangu leo ni hii," Kasuku akajibu, na hakunyanyuka mpaka teksi ilipopiga honi. Mfinyanzi aliingia hospitali na kitambaa kilicholowa, akihisi kila mtu kwenye ule ukumbi ananusa. Daktari alifungua, akazichukua zile punje kwa koleo dogo na kuzitandaza kwenye chachi nyeupe kwa uangalifu. Akaenda nazo maabara mwenyewe.

Alirudi akakaa kabla ya kusema. "Ni kuvu," alisema. "Ningefurahi zaidi ingekuwa bakteria, sikufichi. Lakini sasa tunaijua."

Vidonge vilikuwa vya miezi, asubuhi na jioni, na kupimwa damu ili kuangalia kama ini linavistahimili. Vilimtia kichefuchefu, vikamnyima ladha ya chakula. Kazi ya udongo Kasuku aliishika, kwa mabuti ya mpira ambayo daktari aliyasisitiza, huku akiutwanga kwa mchi na kuuchekecha akitukana kila kijiwe. Vyungu vingine vilipasuka. Yule mama wa mgahawa alikuja, akaambiwa ukweli wote na Kasuku pale mlangoni kabla hajaketi, akasema kwamba chungu kikishatoka tanurini kimeshapita moto mkubwa kuliko wa jikoni kwake, na akachukua viwili. Mfinyanzi aliyasikia hayo akiwa ndani. Akajifunika uso kwa mto akalia kwa aibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza huyo mama.

Uvimbe ulipungua kweli. Vitundu viwili viliziba. Akaanza kutumaini, na matumaini yakamfanya aogope zaidi, maana sasa alikuwa na cha kupoteza. Siku ya kupangiwa upasuaji daktari alimketisha yeye na wifi yake.

"Dawa imeizuia, haijaimaliza. Nitafungua nitoe kilichobaki. Nikikuta kimeishia kwenye nyama na vifupa vya mbele, nitakitoa chote na utabaki na mguu wako. Nikikuta kimeingia kisigino na kifundo, nikikiacha kitapanda, na hapo itabidi nikate chini ya goti. Picha hazinionyeshi vya kutosha. Nitajua nikifika."

"Na mimi nitakuwa nimelala?"

"Hapana. Tutakuchoma sindano ya ganzi mgongoni. Utakuwa macho. Sitakata bila kukuuliza."

Kasuku alimsindikiza mpaka kwenye ule mlango wa vioo ambao ndugu hawavuki. Akamshika Mfinyanzi masikio yote mawili kama mtoto, akaachia. Kitanda kikasukumwa.

Chumba kilikuwa baridi na cheupe. Sindano ikaingia, na kuanzia kiunoni kushuka akaacha kuwa mtu. Walitundika kitambaa cha kijani mbele ya kifua chake asione. Kichwani kwake alikaa bwana wa ganzi, mnene, mwenye pumzi nzito na kofia ya karatasi, akitazama mashine inayolia tii, tii. Upande wa pili wa kitambaa vyuma viligongana. Mfinyanzi alisikiliza. Hajawahi kusikiliza kitu hivyo maishani mwake. Kila daktari alipoomba kifaa, alijiuliza hicho ni cha kutolea au cha kukatia. Kila waliponyamaza, ile mashine ya kupima moyo ilimsema kwa watu wote, tii-tii-tii-tii.

"Pumua, mama," bwana wa ganzi akasema.

"Napumua."

"Hupumui."

Kisha vyuma vikaacha kugongana. Viatu vya mpira vikatembea, na daktari akatokea pembeni ya kitambaa, mikono ameiinua mbele, glavu zina damu. Aliinama mpaka macho yao yakakutana.

"Mama. Kisigino kimeingiliwa. Kifundo pia. Nimetafuta mahali kuvu inapoishia ndani ya mguu, sijapaona."

"Na juu ya hapo?"

"Juu ni pasafi."

"Hakuna njia nyingine, mwanangu?"

"Ingekuwepo, ningekuwa nimeshaishika."

Alitaka kuomba apewe mpaka kesho. Alitaka Kasuku aitwe aje amjibie, maana siku zote yeye ndiye mwenye mdomo. Alitaka mama yake, aliyekwisha kufa zamani. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni na hakuweza kuyafuta, mikono imefungwa kwenye mbao. Daktari alisubiri. Hakumharakisha.

"Kata," akasema, lakini sauti haikutoka. Daktari hakujifanya ameisikia. Mfinyanzi akameza, akajaribu tena. "Kata, mwanangu."

Daktari alimgusa bega kwa kiwiko, akarudi nyuma ya kitambaa. Bwana wa ganzi akamfungua mkono mmoja, akaushika. Mfinyanzi akaung'ang'ania.

"Nisemeshe," akamwambia. "Nisemeshe chochote, tena kwa nguvu. Sitaki kusikia."

Yule bwana, ambaye kazi yake ni watu wanyamaze, akababaika. "Mama... eeh... kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Mfinyanzi."

"Ahaa, wa vyungu! Hebu niambie basi. Mimi sijui. Chungu kinaanzaje?"

"Unachimba udongo," akasema. Nyuma ya kitambaa kitu kikawashwa, kikaanza kunguruma kwa sauti nyembamba. "Unachimba udongo. Unauanika, unautwanga, unauloweka mpaka ulainike. Unaumwaga kwenye turubai. Halafu..."

Mdomo ukabaki wazi.

"Ndiyo, mama. Halafu?"

Ule mngurumo ukabadilika, ukawa mzito. Umeshika kitu. Hakusikia maumivu yoyote. Akaubana mkono wa yule bwana mpaka kucha zikazama, na yule bwana hakuutoa.

"Halafu unaukanyaga!" akapiga kelele. "Unavua viatu! Unapanda juu yake, unaanza pembeni, unatanguliza kisigino, ndipo unashusha vidole. Kisigino, vidole! Unazunguka polepole, usikimbilie katikati. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Kisigino, vidole."

"Na usitazame chini," akasema, sauti inamkatika. "Wanaoanza wote hutazama chini. Wewe tazama mbele, uache mguu ufanye kazi yake." Na akaendelea kumfundisha.